Mashine Iliyowaogopa Wageni

Hapo juzijuzi, wala si kale, palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, maana nayo haijawahi kunitaja mimi, pamoja na utumishi wangu wote. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti za kumchosha adui kabla vita havijaanza, na kaulimbiu yake imepigwa rangi juu ya kila ofisi na kila choo cha umma: Amani, Umoja na Mashaka.

Mimi naitwa Siwema binti Ngoda, Mdadisi wa Nyumba Kumi, Mtaa wa Kisimani. Msinitazame hivyo. Cheo hiki hakina mshahara, kina kiti. Ni kiti cha plastiki chenye mhuri wa serikali mgongoni, na sheria inaniruhusu kukiweka mbele ya mlango wa mtu yeyote, au hata ndani, nikakaa mpaka nitosheke. Watu husema Siwema mbea. Mbea ni mtu anayesema asiyoulizwa. Mimi naulizwa, tena na serikali. Kwa hiyo mimi simo, na tuelewane hapo mapema tusije tukakosana mbele ya safari.

Nyumba ninayotaka kuisema ni ya Hamduni, muuza mitungi ya gesi. Ni mtu mpole, hana kelele, hadaiwi, hagombani na mtu. Nilimshuku tangu zamani.

Marehemu baba yake, Mzee Kombo, alikuwa fundi wa video za harusi. Katika mtaa wetu hakuna biharusi aliyetoka bila kumulikwa na ile taa yake iliyokuwa ikiyeyusha vipodozi vya watu. Alipokufa aliacha sanduku la kanda, nazo zikaanza kuota ukungu. Hamduni akazipeleka kwa mtu wa mjini akazihamishia kwenye diski, kisha akanunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi iliyofungwa, akaiweka chini ya televisheni, akaiunga kwa kebo huku na kebo kule, akasema hiyo sasa ni seva. Unakaa kwenye kochi, unashika rimoti, unachagua harusi ya nani utazame, kama unachagua nyanya sokoni. Mashine yenyewe ina kitaa cha bluu kinachowaka mchana na usiku.

Hicho kitaa ndicho kilichonikalisha pale. Nchi yetu ina Sheria ya Visivyolala. Bundi wana kibali, walinzi wana kibali, watoto wachanga wanapewa cha muda mpaka watulie. Ile mashine haikuwa na chochote. Nikachukua kiti changu nikaenda kudadisi.

Nilichokikuta sikukitarajia. Mama yake Hamduni, Bi. Mwatime, ameugua ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina ya vyombo vya jikoni, ukaenda kwa majirani, mwisho ukamfikia mwanawe mwenyewe. Asubuhi Hamduni akimpelekea uji, yeye humwuliza, "Wewe kijana, mama yako nani?"

"Wewe, mama."

Naye hucheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na asiyemjua.

Lakini alasiri ikifika, rimoti ikabonyezwa, harusi ikaanza kupiga vigelegele ndani ya televisheni, kitu kinafunguka kichwani mwa yule bibi. "Yule Mwanasiti binti yangu. Yule shangazi yenu, anajifanya analia. Baba yenu haonekani kwa sababu kamera ameishika yeye. Na huyo mtoto anayelia chini ya meza ni Hamduni." Halafu anageuka, analitazama lile jibaba lenye mabega ya kubeba mitungi, anasema, "Hamduni, umekula?" Basi tena. Hapo ndipo Hamduni anapopata mama, mpaka usingizi umchukue bibi, na kesho wanaanza upya. Niliyaona hayo kwa macho yangu mara moja, kupitia dirishani, nikaondoka nikisingizia mafua.

Sasa mtaniuliza, kama ni mazuri hivyo, kwa nini serikali ikaingia? Iliingia kwa sababu Hamduni aliniita mchawi.

* * *

Ilikuwa hivi. Mashine ilianza kuzimika. Inafanya kazi vizuri, siku inayotaka inazimika puu, na harusi inakatika bwana harusi akiwa amefungua kinywa. Hamduni kompyuta anaijua kwa kuiogopa tu. Alibadilisha kebo. Akapuliza vumbi kwa mdomo mpaka akaona kizunguzungu. Akaihamisha ruta ya mtandao, akairudisha. Akabonyeza kitu asichokijua, maandishi yote yakageuka lugha ambayo hakuna mtu nchini aliyewahi kuisikia, na ilimchukua muda mrefu kurudi nyumbani kwa kubahatisha. Akauliza watu wa mtandaoni, kila mmoja akampa dawa mbili zinazopingana, na mmoja akamwandikia kwamba tatizo ni yeye. Binamu yake akamwambia, "Zima, subiri kidogo, washa." Dawa hiyo naiheshimu, maana ndiyo serikali yetu inayoitumia kwa mawaziri.

Na kweli, akiizima akaiwasha baadaye inakubali. Kesho yake inafanya kazi, keshokutwa pia. Halafu mimi nikija na kiti changu, puu.

"Da Siwema," akaniambia siku moja, macho yako chini, "usinichukie. Kila ukija wewe mashine inakufa."

"Inakufaje? Nimeigusa?"

"Hujaigusa. Unaitazama."

Loh! Mimi, binti Ngoda, niliyelea watoto wa mtaa huu mgongoni, leo nina kijicho cha kuua kompyuta! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye heshima. Nikamwambia pia, mashine yako ndiyo yenye dhambi, ndiyo maana inamkimbia mtumishi wa umma. Bi. Mwatime akawa anatutazama tu, akitabasamu, anatukaribisha chai.

Niseme jambo moja kuhusu yule bibi. Amesahau kila kitu, ila heshima ya mgeni hajaisahau. Akisikia hodi tu, mikono inaamka yenyewe. Anaenda kwenye kasha lake, anatoa vitambaa vyake vya kufuma, anafunika. Anafunika redio, friji, chupa ya chai, migongo ya makochi, na kila kilichopo chini ya televisheni. Kile kitambaa kikubwa kuliko vyote, chenye mahameli nzito kwa ndani na ufumaji kwa juu, kimeandikwa kwa uzi wa kijani Karibu Mgeni, nacho huvikwa mashine mpaka chini. Mgeni akiondoka, anavua vyote, anavikunja, anavirudisha. Nani asiyefanya hivyo? Kwangu hata jiko nalifunika. Kwetu kitambaa hakionekani, kipo tu kama ukuta ulivyopo.

Basi nilitoka pale nimefura, nikapiga simu Jumba la Masikio. Nilitaka kusafisha jina langu, sikutaka jingine.

* * *

Jumba la Masikio ni makao ya Wizara ya Mashaka. Ndani yake mna mashine nyingi zinazosikiliza kila mtaa, kila bomba la maji, kila kibaraza, na zenyewe zinaruhusiwa kutolala. Mkurugenzi wake ni Daktari Ngwengwe, mtu mnene, mwenye sauti ya kupaka siagi, aliyesomea mashaka ng'ambo mpaka akamshuku mwalimu wake na kumfukuzisha kazi. Alikuja mwenyewe. Nilijivuna, sikatai. Nilimwekea kiti changu.

Hodi ilipopigwa, Bi. Mwatime uso ukamchanua. Akaenda kwenye kasha.

Hamduni akawasha televisheni. Hapo ndipo msiba ulipoanza, kwa sababu ile seva ina tabia ya kujitafutia picha za jalada. Ukiiwekea video, inasoma jina, inaenda mtandaoni, inarudi na picha inayodhani ndiyo yenyewe. Kwa hiyo kwenye orodha, Harusi ya Mwanasiti ilikuwa na picha ya vifaru vitatu na helikopta inayowaka moto. Kumtoa Mwali ilikuwa na wafungwa wanaoruka ukuta wa gereza. Maulidi ya Kisimani ilikuwa na watu wenye kofia za vioo, wako mwezini.

Daktari Ngwengwe akaikagua orodha. "Mwali huyu alitolewa wapi?"

"Chumbani, Mheshimiwa. Kwa shangazi yake."

"Kwa kuruka ukuta?"

"Mashine inakosea picha, Mheshimiwa. Mimi sijui kuizuia."

"Wote husema hivyo," akasema Daktari, ingawa sidhani kama kuna mwingine aliyewahi kuulizwa. Kisha akasimama kutoa maneno machache ya utangulizi. Katika nchi yetu maneno machache ya utangulizi huanza jua likiwa upande huu na kwisha likiwa upande ule.

"Ndugu mtuhumiwa mtarajiwa," akaanza. "Serikali haimshuku mtu bure. Serikali inamshuku kila mtu, ili asionewe mtu mmoja. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Adui hatoki mbali! Adui tunakaa naye, tunamfunika, tunamkarimu!" Tukapiga makofi. Bi. Mwatime naye akapiga, akaongeza kigelegele. Daktari akaendelea. Aligusa historia, akagusa kilimo, akamgusa mke wake wa kwanza. Alipomaliza, akaelekeza kidole. "Sasa tuonyeshe hiyo harusi."

Hamduni akabonyeza. Kioo cheusi. Akabonyeza tena. Puu, imeshakufa.

Nisiwafiche, nilifurahi. "Mheshimiwa umeona? Si mimi peke yangu!"

Daktari Ngwengwe akatikisa kichwa polepole, macho yakimng'aa. "Inatujua," akasema kwa kunong'ona. "Imetusikia tukiingia, ikajiua kama jasusi." Akaamuru ikamatwe. Bi. Mwatime akawahi kukivua kitambaa chake, akakikunja vizuri, maafisa wakaondoka na mashine wameishika kwa glavu. Ilikuwa ya moto, na afisa mmoja alisema ni hasira.

* * *

Baada ya muda niliitwa Jumba la Masikio niwatambue watu waliomo kwenye kanda. Ukumbi ule, jamani! Mashine zimepangwa safu kwa safu mpaka macho yanachoka, zote uchi, zinapulizwa na mafeni makubwa, na baridi yake ilinifanya nijifunike khanga mbili. Mashine ya Hamduni ilikuwa juu ya meza peke yake, katikati ya chumba. Ilikuwa inafanya kazi tangu ilipofika. Haijazimika hata mara moja.

Maafisa waliokuwa wakiichunguza walikuwa wamevimba macho. Afisa Chilumba, ambaye kazi yake ya kawaida ni kutisha watu, alikuwa akilia wazi kwa sababu ameona mjomba wake aliyekufa akicheza ngoma. Wawili wengine walikuwa hawasemezani, wamegombana kama yule mama wa bwana harusi alifanya makusudi kuchelewa. Wote walikuwa wamejifunza nyimbo.

"Na huyu mwanamke," Chilumba akaniuliza, akisimamisha picha, "kwenye harusi ya Mwanasiti. Anayepakua pilau kuingiza kwenye mkoba. Nani huyu?"

Nikatazama. Gauni la zambarau, mabega ya kuvimba. Mkoba mweusi mkubwa.

"Simjui," nikasema.

"Anafanana na wewe."

"Watu wanafanana."

Daktari Ngwengwe akaingia, uso mzito. "Tumetazama yote," akasema. "Hamna kitu. Harusi, maulidi, mtoto analia chini ya meza. Hamna kosa hata moja." Akavuta pumzi. "Binti Ngoda, mtu asiye na kosa hata moja anaficha nini?"

 Swali hilo nadhani hata malaika hawana jibu lake.

Uamuzi ukatolewa hapo hapo. Mashine inasema kila kitu ikiwa hapa, na nyumbani mbele ya serikali inanyamaza. Basi itarudishwa nyumbani ikapimwe kwenye mazingira yake. Ikinyamaza tena mbele ya Mkurugenzi, itapondwapondwa na Nyundo ya Taifa, ile iliyotumika kuweka jiwe la msingi la daraja ambalo bado hatujalipata. Na atakayegundulika kuwa ndiye anayeizima atapelekwa Nyumba ya Utulivu. Huko watu hutulia kweli. Sijamsikia mmoja aliyerudi kulalamika.

Nilipitia kwa Hamduni kumpa habari. Nilimkuta amekaa kizingitini, mlango ameuziba kwa mwili wake. Bi. Mwatime alikuwa nyuma yake, amevaa baibui, mkononi ana kifurushi.

"Nipishe, kijana," alikuwa akisema. "Nataka kwetu. Mume wangu atanitafuta."

"Hapa ndipo kwenu, mama."

"Wewe ni mwizi?" akamwuliza, bila hasira, anataka kujua tu. "Umeniiba?"

 Hamduni aliniangalia mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemripoti, kwa kawaida huangalia chini. "Da Siwema," akasema, "tangu waichukue hajaniita jina langu. Wakiivunja, mimi mama nimezika."

Nikasema serikali ina hekima yake.  Nikaondoka, na siku ile nilikisahau kiti changu pale pale mlangoni.

* * *

Siku ya kupima, mtaa ulijaa. Daktari Ngwengwe alikuja na msafara, na Nyundo ya Taifa ikaja kwenye gari lake yenyewe, ikiwa na mlinzi wake. Mashine ikarudishwa chini ya televisheni, kitaa cha bluu kikawaka. Hamduni aliijaribu: vigelegele vikatoka, Bi. Mwatime akageuka, midomo ikaanza kutafuta jina.

"Ha..." akasema. "Ham..."

"Hodi!" akanguruma Daktari Ngwengwe mlangoni.

Likapotea. Uso wa bibi ukachanua uchangamfu wa wageni, mikono ikaamka, akaenda kwenye kasha. Akafunika redio, friji na makochi. Akakifungua kile kikubwa, akakikung'uta, akaivika mashine mpaka chini, akazipapasa pembe zikae sawa. Karibu Mgeni.

Daktari akasimama kutoa maneno machache.

Sitawasimulia hotuba, mtalala. Ilipokwisha, mlinzi wa nyundo akavua koti. "Iwashwe," akasema Daktari.

Hamduni akabonyeza. Kioo cheusi. Akabonyeza tena, na tena, jasho linamtiririka. Mlinzi akainyanyua nyundo. Hapo Hamduni akajitupa mbele ya mashine, akaikumbatia kwa mikono miwili pamoja na kitambaa chake, "Mheshimiwa, nakuomba, nakuomba kwa jina la..."  Nikaona anaigusa tena, polepole, kwa kiganja. Mimi nilikuwa ubavuni pake, nikapenyeza mkono, nikagusa pia. Yarabi! Moto kama chungu kimetoka mekoni.

Tukatazamana. Nikamwona anaitazama ile mahameli nzito. Akamtazama mama yake, aliyekaa kochini anatabasamu kwa sababu nyumba imejaa. Nami yakanipita kichwani yote kwa pamoja: kila nilipokuja na kiti changu, kila hodi, kila kasha lilipofunguliwa. Sisi tuliotafuta wachawi na majasusi! Angekuwa mgeni wa salamu za haraka mashine ingelivumilia lile joto, lakini mimi nakaa sana, na serikali inahutubia sana.

"Mheshimiwa," Hamduni akasema, "ni kita..."

Nikamkanyaga. Kwa bahati mbaya. Chumba kilijaa na mguu hutafuta pa kukaa. Lakini nilimkanyaga kwa kisigino, nikakiacha pale, mpaka akakumbuka kwamba kuna Nyumba ya Utulivu, na kwamba kitambaa kina mwenyewe.

Ila Daktari Ngwengwe ana masikio, si bure. "Umesema nini? Kita? Kitambaa?"

 Hata nyundo ilionekana kusikiliza. Nilimwona Hamduni akifumba macho.

Daktari akasogea. Akakizunguka kitambaa. Akakinusa. Kukiinua alikiinua, mashine yenyewe hakuigusa, maana mkurugenzi hagusi vitu. "Kule kwetu," akasema taratibu, "mashine hii ilikuwa uchi. Ikasema yote. Hapa imevikwa hiki. Haisemi kitu." Macho yakamtoka. "Tuthibitishe!"

Akakiondoa, akatuhutubia juu ya maana ya kufunua. Alipomaliza, Hamduni akabonyeza, vigelegele vikajaa chumba. Akakirudisha, akatuhutubia juu ya maana ya kufunika, na hotuba hiyo ilikuwa ndefu zaidi kwa kuwa alikuwa na furaha. Alipomaliza, puu. Maafisa wakapiga makofi. Afisa Chilumba akaanza kulia tena.

"Miaka yote," Daktari akasema, na sauti ya siagi ikakwaruza, "tumetafuta kinga ya kuzilinda mashine za dola zisichunguzwe na adui. Tumepeleka vijana ng'ambo. Kumbe iko hapa Kisimani! Kitambaa hiki kinazuia siri kutoka. Mama, nani aliyekitengeneza?"

"Mimi, baba," akasema Bi. Mwatime. "Umekipenda?"

"Sana!"

"Basi chukua. Mgeni hatoki kwangu mikono mitupu."

Wakakibeba kwenye sinia, maafisa wawili mbele na wawili nyuma, Nyundo ya Taifa ikafuata kwa heshima. Mashine wakaiacha. Daktari alisema hilo sasa ni ganda tu.

* * *

Yaliyofuata ni ya kitaifa, mimi nayaeleza kama nilivyoyasikia. Vikundi vya akina mama nchi nzima viliamriwa kufuma vitambaa kwa kunakili kile cha asili bila kubadilisha hata uzi, mahameli kwa ndani. Amri ni amri. Hata yale maneno ya kijani yalinakiliwa. Kwa hiyo mashine zote za siri za nchi yetu, safu kwa safu, zikavikwa Karibu Mgeni. Mafeni yakazimwa, kwa kuwa yalikuwa yanapeperusha pindo na kuharibu heshima. Rais alialikwa, na hotuba zikaanza asubuhi.

Afisa Chilumba aliniambia baadaye kwamba jioni ile palitokea harufu ya wali ulioungua, wakamkaripia mpishi wa kantini. Hakuna aliyethubutu kufunua kuangalia. Nani afunue siri ya dola?

Taarifa ya Wizara ilisomwa redioni. Ilisema tangu kinga hiyo ianze kutumika, hakuna raia hata mmoja, katika mtaa hata mmoja, aliyesikika akilalamika. Utulivu wa namna hiyo haujawahi kutokea duniani. Daktari Ngwengwe akavishwa nishani.

Hapa mtaani, mwanamke mmoja pale bombani alisema kwa sauti kwamba unga umepanda bei na waziri ni mwizi. Kisha akaganda, akatazama juu. Hakikutokea kitu. Akasema tena, kwa sauti zaidi. Mwenzake akaongeza la kwake. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, nikasikia yote. Nilisema nikifika nyumbani nitaripoti, nikafika nyumbani nikapika.

Juzi nilikwenda kwa Hamduni. Kikazi. Nikapiga hodi, Bi. Mwatime akainuka, akaenda kwenye kasha. Anacho kitambaa kipya, amekifuma mwenyewe, vidole havijasahau. Nikashika roho. Lakini Hamduni alikuwa ameshaitoa redio mbovu ya marehemu baba yake, ameiweka juu ya kistuli mbele kabisa, pamepambwa hasa. "Funika hii, mama, ndiyo ya wageni." Akaifunika mpaka chini, akazipapasa pembe. Nyuma yake kitaa cha bluu kikaendelea kuwaka, na vifaru na helikopta vikafunguka, ikatoka harusi.

Tukakaa. Chai ikaja. Baada ya muda bibi akageuka kwa lile jibaba, akalitazama sana.

"Hamduni," akasema. "Mbona umezeeka hivi, mwanangu?"

"Mitungi, mama," akajibu Hamduni. Akainamia kikombe chake. Nami nilikuwa na mafua yangu.

Halafu bibi akanigeukia mimi. Akanitazama, akaitazama televisheni, akarudi kwangu. Kidole kikainuka.

"Siwema binti Ngoda," akasema, wazi kabisa. "Ule mkoba ulitoka mafuta?"

Astaghfirullahi! Hamduni akapaliwa na chai. Mimi nikatoka nje na simu yangu ya serikali, nikapiga Jumba la Masikio, niripoti kwamba raia amemsingizia mtumishi wa umma nyumbani kwake. Simu ikaita. Ikaita, ikaita, ikakatika yenyewe. Nikapiga tena. Nchi nzima hapakuwa na wa kunisikia.

Nikarudi ndani. Bi. Mwatime alikuwa amenisogezea nafasi kochini, akanishika mkono bila kuondoa macho kwenye televisheni, na pale kwenye kioo tulikuwa sote: Mwanasiti anashuka ngazi, mtoto analia chini ya meza, na yule mwanamke mwenye mkoba anapita kwa maringo mbele ya taa ya Mzee Kombo. Mkoba haukuwa wangu, nilishasema. Ila lile gauni, kweli, lilinikaa.